Nani Ameshika Kamba?

Mara sita nimekuwa wa pili. Sita! Kila mwaka kalenda ya bandari ya Delfzijl hutoka na picha aliyopiga mwenzangu Wubbo kwenye jalada, nami natupwa Februari, ukurasa ambao watu huuruka wakisaka likizo. Safari hii nilijiapiza: Frouke, jalada ni lako.

Na picha nilikuwa nayo, acha tu! Meli ya kubeba mbao inafunga gati, ukungu wa asubuhi una rangi ya waridi, maji yametulia tuli. Kasoro moja tu: kitone cha njano ukingoni mwa gati, kama haradali iliyodondokea kitambaa cha meza. Nikakifuta kwenye kompyuta. Mibofyo mitatu, kwisha habari yake.

Jumamosi asubuhi chama chetu cha wapiga picha kikakutana kantini ya bandarini. Picha yangu ilipotundikwa ukutani, watu wakasogeza viti mbele. Wubbo mwenyewe alimeza mate, nilimwona kwa macho yangu! Nikasema moyoni, leo ndiyo leo.

Harmke, mwenyekiti wetu, miaka mingi aliwapangia zamu watu wa kufunga kamba za meli. Akavaa miwani, akasogea hadi pua ikakaribia kuigusa picha.

"Frouke, shoga yangu, hebu nisaidie. Hii kamba imefungwa wapi?"

Nikatazama. Mama yangu! Kamba ilitoka mbele ya meli, imekazwa barabara, ikafika gatini na kuishia hewani. Kumbe pamoja na kitone nilifuta na nguzo ya kufungia meli.

"Imeshikwa na malaika!" Wubbo akapasuka. Kantini nzima ikaangua kicheko.

"Kwani nimeua mtu?" nikawaka. "Na wewe mawingu yako ya mwaka juzi uliyatoa wapi? Yale ya Uhispania yale!"

"Mawingu ni mawingu!"

"Na kitone ni kitone!"

"Tulieni!" Harmke akapiga meza. "Kunyoosha ruksa, kung'arisha ruksa. Kufuta kilichokuwepo, hapana. Saa sita kalenda inakwenda kuchapwa. Lete picha ya asili, Frouke, ama jitoe."

Nikachomeka kamera kwenye runinga. Harmke akakikuza kile kitone. Kikawa koti. Koti likawa mtu aliyeinama, anavisha kamba kwenye nguzo, uso umemwiva kwa nguvu.

"Alaa! Si mimi huyo?"

Alikuwa Eltjo, aliyekuwa akitumiminia kahawa. Alikuwa amestaafu mwezi uliopita tu. Akaliweka birika chini, akaisogelea runinga.

"Hiyo siku yangu ya mwisho kazini," akasema. "Miaka thelathini na minane mnaniambia, Eltjo, sogea kidogo, unaharibu picha. Nami nasogea. Siku ile, Frouke, hukuniambia nisogee. Nikafurahi, nikajua leo nimo."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Jalada nililitaka, sana tu, lakini si la namna ile.

"Harmke, ipigiwe kura hiyo hiyo ya asili," nikasema. "Wakiikataa, shauri yangu."

Mikono ikapanda. Harmke akahesabu, akahesabu tena. Kumi na mmoja kwa tisa! Nilipiga yowe, nikamkumbatia Wubbo kabla sijakumbuka ni nani. Jalada langu! Langu!

Eltjo akanijia sikioni. "Hongera, dada. Ila hilo tumbo langu pichani... huwezi kulipunguza kidogo?"

"Nimesikia!" Harmke akapaza sauti kutoka upande wa pili. "Halipunguzwi hata inchi!"

Eltjo akacheka mpaka akajifuta machozi, kisha akatoa simu akampigia mkewe.

"Tjaakje, acha viazi hivyo, njoo kantini," akasema. "Njoo uone. Nimo."