Mkono wa Kulia wa Kiti

Msumari wa mwisho wa mgongo wa kiti uligoma. Fundi akaubana kwa koleo, akauzungusha kidogo, akauvuta taratibu kama anayeng'oa jino la mtoto, mpaka ukatoka na vumbi lake la miaka. Akautupa ndani ya kopo pamoja na wenzake. Mgongo ulikuwa umeshavuliwa kitambaa, sehemu ya kukalia pia, na mkono wa kushoto. Ulibaki mkono wa kulia.

Mama yake alikuwa amekaa kwenye benchi mlangoni mwa karakana, mkoba mapajani, kama mgonjwa anayesubiri kuitwa jina. Kiti kilikuwa cha marehemu mume wake, baba wa fundi. Walimzika wiki tatu zilizopita.

"Nibadilishie kitambaa tu," alikuwa amesema asubuhi, alipokuja nacho juu ya mkokoteni. "Nikikiona kilivyo, nadhani ameenda kuoga, atarudi sasa hivi kuniuliza miwani iko wapi."

"Unataka rangi gani, mama?"

"Yoyote ambayo yeye angeikataa."

Walicheka wote wawili, kisha kila mmoja akatazama upande wake.

Marehemu alikuwa daktari wa upasuaji kwa miaka thelathini na nne. Hospitalini walimwita Daktari Polepole, kwa sababu hata jengo lingeshika moto, walisema wauguzi, angemaliza mshono kwanza. Nyumbani hakubadilika. Kila Jumapili aliwapanga watoto wake wanne kwenye ngazi na kuwakata kucha, mmoja mmoja, mikono kisha miguu, huku akiwauliza habari za wiki nzima. Vifungo vya mashati yao ya shule alivishona mwenyewe, kwa fundo lile lile alilofungia mishipa ya watu. Shati lingepauka, lingechanika, lingegeuzwa tambara la kufutia meza, kifungo kipo.

"Siku ya kiyama," mama alizoea kusema, "tutafufuka sisi na vifungo vya baba yenu."

Watoto watatu walisoma wakafika mbali. Wa nne, ndiye huyu fundi, aliacha masomo ya uuguzi mwaka wa pili akaenda kujifunza ufundi wa makochi. Mtaani wanamwita Sponji. Baba hakugomba. Siku moja tu, mbele ya wageni, alisema, "Huyu naye ni mpasuaji kama mimi. Tofauti ni kwamba wagonjwa wake hawalalamiki." Wageni walicheka hadi chai ikawapalia. Fundi naye alicheka. Lakini neno lile lilimwingia moyoni, na likakaa humo miaka kumi na moja kama mpangaji asiyejua kuhama.

Baada ya kustaafu, mzee alianza kuja karakana. Alikaa juu ya robota la sponji, shati limepigwa pasi, mikono magotini. Mikono hiyo ilikuwa imeanza kutetemeka, na kila mtu alijifanya hajaona. Siku moja aliokota sindano ya fundi, ile iliyopinda kama mwezi mchanga.

"Hii naijua," alisema, akiigeuza kwenye mwanga. "Kumbe tunatumia moja."

"Yako ilikuwa ndogo, baba."

"Ilikuwa ndogo. Lakini mshono wako hauonekani. Mimi maisha yangu yote nimewaachia watu makovu. Hebu nionyeshe, uzi unauficha wapi?"

Fundi alisikia wageni wakicheka. Hawakuwapo, lakini aliwasikia. "Kesho, baba. Leo nina oda ya hoteli."

Mzee alirudi kesho yake. Oda ya hoteli bado ilikuwapo. Akarudi wiki iliyofuata, akaambiwa kesho. Safari ya mwisho hakuuliza kitu. Alikaa, akatazama, akasema, "Kazi njema, fundi," akaondoka. Hakuwahi kumwita fundi kabla ya siku hiyo. Kisha ugonjwa ukamlaza.

Majuto ni mjukuu, husema watu. Huyu wa fundi alikuwa ameshaota meno.

Sasa aliinua kitambaa cheupe cha kufuma ambacho mama alikuwa amekitandika juu ya mkono wa kulia. Chini yake palikuwa na mpasuko wa urefu wa kiganja, na sehemu kubwa ya mpasuko ilikuwa imeshonwa.

"Mama, nani alishona hapa?"

Mama hakugeuka. "Unamjua."

"Lini?"

"Kila siku baada ya chai. Na alipasua mwenyewe, kwa wembe, kiti kisichokuwa na kasoro! Nikamwambia, mzee, akili zimeruka? Akasema anajizoeza. Anashona, anatazama, ananuna, anafumua, anaanza upya. Nikamwambia, si umwite mwanao? Akasema, mwanangu ana kazi nyingi, nitamwendea nikishajua kidogo."

Fundi akapiga magoti. Kandokando ya mpasuko kitambaa kilijaa vitundu vya sindano kana kwamba kimeliwa na nondo. Mishono iliyobaki ilikuwa kumi na saba. Ya kwanza ilinyooka. Kadiri ilivyosogea iliyumba. Na kila mmoja ulikuwa na fundo lake, umekatwa peke yake.

Hapo ndipo mzee alipokosea. Daktari hufunga kila mshono peke yake, ili mmoja ukikatika mingine ishike. Mshono wa kujificha hautaki hivyo. Unakwenda kwa uzi mmoja, huku na kule, umelegea, wala hauvutwi mpaka mwisho. Ukivutwa ndipo kingo zinakutana na uzi unazama. Lilikuwa kosa la kurekebishwa kwa dakika tano.

"Umeona nini?" mama aliuliza.

"Alikuwa anafunga kila mmoja."

"Nini?"

"Kila mmoja, mama. Hakuna aliyemwambia asifunge."

Mama akaja kusimama nyuma yake. Kitambaa kipya, cha kijani, kilikuwa kimeshakatwa mezani. Fundi alichukua kisu cha kuvulia kitambaa cha zamani, akakirudisha.

"Usiniangalie mimi," mama alisema. "Mimi nilimwambia aache kuharibu kiti."

"Nitavisha kipya juu ya hiki. Fundi anayejiheshimu hafanyi hivyo. Mkono huu utanenepa kuliko mwenzake."

"Utanenepa sana?"

"Kidogo."

"Na unenepe."

Mwishoni mwa mpasuko palikuwa na upana wa vidole vitatu ambao mzee hakuufikia. Fundi akatunga uzi kwenye sindano iliyopinda.

"Unaingia huku, ndani ya mkunjo," alisema kwa sauti ya chini. "Unatokea hapa. Unavuka moja kwa moja upande wa pili. Usifunge. Usivute bado."

Mama alidhani anaambiwa yeye, akafungua mdomo kujibu. Kisha akaelewa, akaufunga.

Fundi alipofika katikati, jua lilikuwa limeshahama mlangoni na macho hayakuona tena mkunjo.

"Kwa hiyo si leo," mama alisema, akiokota mkoba.

"Kesho, mama." Neno lilimtoka kabla hajalizuia. "Njoo asubuhi. Kweli."

Akaichomeka sindano pale ilipofika, akatandika kitambaa cheupe juu yake, akaenda kutafuta funguo. Uzi hakuuvuta.