Jiwe la Baba

Baba alikuwa mponda kokoto. Alipofariki, alituachia jiwe alilozuilia mlango: kipande cha mti wa kale uliogeuka jiwe. Mimi huchunguza misitu ya zamani, nikaomba nilikate.

“Mdogo wangu, hata baba unataka kumpasua?” dada alinifokea. Hata hivyo alilileta maabara, amelipakata kama mtoto.

Msumeno ulipounguruma, alifumba macho. Nilisaga ubale mmoja hadi ukapitisha mwanga, nikauweka chini ya hadubini.

“Tazama, dada. Hauna pete za miaka. Msitu wake haukujua kiangazi.”

Aliinama akatazama.

“Kwenye kibandiko cha jiwe andika aliyelipata ni baba,” alisema. “Siyo wewe, mpenda sifa.”

Nikaandika jina la baba, naye akanisimamia hadi herufi ya mwisho.