Mlinzi wa Bakuli la Meneja

Dada yake mkubwa alipofariki, fundi cherehani alirudi kutoka mazishini na sanduku la nguo, sufuria yenye mkono mmoja, na mbwa. Alikuwa mbwa wa kahawia, ncha ya sikio moja imekatika. Dada alimwita Meneja, kwa sababu hakuna sufuria iliyoepuliwa asiende kuikagua.

Dada alikuwa mpishi wa shule ya bweni kwa miaka ishirini na saba. Fundi hakuhitaji mbwa. Nyumba yenyewe vyumba viwili, vitambaa vimejaa hadi chini ya kitanda. Lakini kila Meneja alipojikunja chini ya cherehani, alinukia moshi wa kuni na vitunguu vya kukaanga, na fundi alijikuta anatabasamu peke yake. Wiki nzima hakumwogesha, makusudi.

Siku ya nane, mjukuu wake wa miaka mitano, waliyembandika jina la Kasuku kwa maneno yake yasiyokwisha, alimkuta Meneja anakula mlangoni. Mbwa akakaza shingo juu ya bakuli, akanguruma. Kasuku alidhani anaimba. Akanyoosha mkono ampapase kichwani. Fundi alikuwa na pini mdomoni. Hakuwahi hata kupiga kelele.

Meno yalitoboa kiganja mahali pawili. Wakaosha jeraha kwa sabuni chini ya bomba kwa robo saa nzima, kisha wakamkimbiza zahanati, akachomwa sindano. Jioni mama yake Kasuku, binti wa fundi, alikuja juu.

"Mama, nakuheshimu, lakini huyu mbwa aondoke."

"Aende wapi, mwanangu? Aliyemlea hayupo."

"Kwa hiyo tusubiri amng'ate usoni?"

Asubuhi fundi alimfunga Meneja kamba, akampeleka kwa daktari wa mifugo huku ameshakata tamaa. Daktari, mama mmoja mnene mwenye mabuti ya mpira, hakumgusa mbwa kwanza. Aliuliza: "Huko alikotoka, alikuwa anakulaje?"

Ndipo fundi akaikumbuka siku aliyomtembelea dada pale shuleni. Wanafunzi walikuwa wamemaliza kula, na mbwa wa mtaa mzima wamejaa nyuma ya jiko. Dada alisimama kando ya bakuli la Meneja, upawa juu, akiwafukuza wengine huku anacheka hadi kilemba kikamvuka. "Kula, baba, kula. Nipo." Hata utotoni alikuwa hivyohivyo. Watoto tisa kwenye sinia moja, na dada aliweka kiwiko kama ua ili kitinda mimba, yaani fundi mwenyewe, apate matonge yake. "Kula wewe. Nipo."

Alilia palepale, mbele ya mizani ya kupimia mbuzi.

Daktari alimwacha amalize. "Basi huyu hajazoea kula bila mlinzi. Akinguruma usimpige, anakuonya, na ukimnyamazisha atauma bila kuonya. Usimnyang'anye bakuli. Ale peke yake, mlango umefungwa, mtoto yuko ndani, kila siku. Wewe pita kwa mbali, mtupie kinofu cha nyama, uende zako. Mtoto asijaribu kabisa."

Binti alikubali shingo upande: mwezi mmoja tu, na komeo lifungwe juu, Kasuku asilifikie.

Fundi akawa anakaa mwisho wa ua na pindo zake za kushona, Meneja akila huku anamtazama kwa pembe ya jicho. Kasuku alichungulia dirishani, bandeji mkononi. "Bibi, mwambie sitaki wali wake!"

Wiki ya nne, mchana, Meneja aliacha kula katikati. Akaligeuzia bakuli mgongo, akaenda taratibu kunywa maji kwenye ndoo. Binti alikuwa anaanika nguo; akasimama na shati mkononi.

"Haya, abaki," alisema. "Lakini komeo halitoki."

"Halitoki," fundi akakubali.

Tangu hapo Kasuku aliitumia saa ya mbwa kula kumuuliza bibi yake habari za bibi mkubwa, swali juu ya swali. Siku moja alitaka kujua kama bibi mkubwa alijua kuogelea. Fundi akaweka sindano chini, akaanza kumsimulia kuhusu mto waliokuwa wakiogelea utotoni.