Kipandauso cha Shangazi

Shangazi alikuwa na dawa moja tu ya kipandauso cha mpwa wake, kile kichwa kikali cha upande mmoja: kumwambia aache usanii. Binti akijifungia chumbani, pazia limeshushwa na ndoo ipo kando ya kitanda, Shangazi alisimama mlangoni akatangaza kwamba enzi zao watoto hawakuwa na vichwa vya kuuma, walikuwa na kazi za kufanya. Majirani nao walipelekewa habari hizo moto moto.

Wazazi wa binti walikuwa kazini ng'ambo, kwa hiyo bila sahihi ya Shangazi hakuna kilichofanyika. Ndiyo maana siku ile binti aliketi kliniki roho mkononi. Vidonge vya kila rangi vilikuwa vimeshindwa, na sasa daktari alikuwa akipendekeza sindano ndogo ndogo za paji la uso, panja, kisogo na mabega.

"Si kila mtoto zinamsaidia," daktari alisema. "Lakini kwa hali yake, nadhani tujaribu."

"Ni dawa gani?" Shangazi aliuliza.

"Botoksi. Asili yake ni sumu ya bakteria, ila kwa kipimo kidogo hivi..."

"Sumu?" Shangazi alikuwa ameshasimama, mkoba kwapani. "Nimekabidhiwa mtoto wa watu mzima, nimrudishe nimemtilia sumu? Twende zetu."

Binti alihisi machozi yakimlenga. Daktari, mtu asiyependa kubembeleza, alisema tu kwamba wengi wanaijua dawa hiyo kwa kunyoosha makunyanzi.

Shangazi akakaa. Akauliza ni makunyanzi ya wapi hasa, akajibiwa, akatia sahihi.

Binti akalala kitandani. Sindano ya kwanza ilimchoma katikati ya nyusi, akauma meno, akafurahi. Wakati huo Shangazi alikuwa amemsogelea daktari, sauti imejaa asali.

"Daktari, mwenzio na mimi kichwa kinanitesa. Ikibaki kidogo, usiitupe."

"Kinakuumaje?"

Hapo Shangazi akafunguka. Kinaanzia nyuma ya jicho la kushoto, alisema, kinagonga. Mwanga hautazamiki. Hata kijiko kikigusa kikombe unakisikia ndani ya fuvu. Unatapika mpaka nyongo, kisha unalaza shavu kwenye sakafu ya bafu kwa kuwa ina ubaridi, na hulii, maana ukilia kinazidi.

"Mama, hata vitabu vyetu havikielezi vizuri hivyo," daktari alisema.

Binti, bado kitandani, aliyasikia yote. Jicho lile la kushoto lilikuwa lake. Sakafu ile pia, na hakuwahi kumsimulia mtu. Miaka yote alikuwa amemsamehe Shangazi kwa kutojua, maana asiyejua hana lawama. Sasa msamaha wenyewe ulikosa sababu.

"Shangazi," alisema, "kumbe ulikuwa unaniona."

Shangazi akainamia mkoba wake, akatafuta kitu humo kwa muda mrefu. Daktari akamwomba binti ageuke, amalizie kisogo.