Saa Sita za Kazungu

Dama aliandika saa nane. Ukurasa ukatoka na saa mbili.

Alikuwa ofisini peke yake, ghorofa ya pili nyuma ya Ngome ya Yesu, na saa ya ukutani ilionyesha mbili kasoro dakika tano asubuhi. Ukurasa wenyewe ndio mafundi wa kreni bandarini waliousoma kila asubuhi kwenye tovuti ya miongozo: leo umeme utakatwa saa 8:00, ndipo fundi Mutunga afungue sanduku la nyaya juu ya kreni. Sasa ulisema 2:00.

Akafungua faili la mipangilio. Halikuwa na kasoro. Akaandika humo kwamba saa zisiguswe, akaijenga tovuti upya. 2:00.

Ndipo akamkumbuka Kazungu, aliyekaa meza ya pili hadi homa ilipomchukua mwezi wa tatu. Kazungu alichoshwa na miongozo iliyokuja na saa za Kizungu, akaandika programu ndogo. Tovuti ikijengwa, mipangilio ikishasomwa, programu huibadilisha kimyakimya na kutoa saa sita kwenye kila saa iliyoandikwa. Kumi na nne inakuwa nane. Mafundi walimshukuru sana. Alipofariki, Dama hakuthubutu kufuta hata herufi yake moja. Aliona ni kumzika mara ya pili. Tangu hapo hakukuwa na tangazo lenye saa, hadi hili la jana, alilojiandikia kwa saa za Kiswahili. Na Kazungu akatoa sita zake.

Simu ya Mutunga iliita hadi ikakatika. Akampigia Janet, fundi mwenzake.

"Janet, Mutunga yuko wapi?"

"Alaa! Subalkheri kwanza. Watu wa pwani mmeacha salamu siku hizi?"

"Yuko wapi?"

"Keshapanda. Nimemwambia anywe chai, akanicheka. Eti ukurasa wa dada Dama haungoji mtu."

"Umeme haujakatwa! Mwite, Janet, mwite!"

Dama akasikia viatu vikikimbia juu ya chuma. "Mutunga! Usiguse!" Kisha mlio mmoja, kama turubai linalochanwa. Kisha kimya, mashine zote.

Janet alirudi kwenye simu baada ya muda mrefu.

"Hapumui, Dama."

Ukurasa mbele ya Dama bado ulisema 2:00.

"Simu yake inaita hapa chini. Ni Mwende, mkewe. Kila siku humpigia saa hizi." Janet alivuta pumzi. "Nimwambie nini?"