Inavuta

Sindano ilikuwa bado hewani mama aliposema anaisikia.

Alikuwa amelala chali, macho ameyafumba, mkono wa kulia umewekwa juu ya mto kama kitu cha kuazima. Dokta Vaileth ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kupitisha pamba ya spiriti. Harufu ilijaa chumba kizima. Sindano yenyewe, nyembamba kama unywele, alikuwa ameishika juu, hajaishusha.

"Inavuta," mama akasema. "Ganzi, halafu uzito. Inapanda mpaka kwenye kiwiko."

Dokta akanitazama. Mimi nikatazama ukutani, palipokuwa na picha ya mtu aliyechorwa mistari mwili mzima, toka kichwani mpaka vidoleni, kama ramani ya mito.

Mama alianguka kwenye shamba la chai, kule Kinyala, kikapu kikiwa mgongoni. Wenzake walidhani ameteleza, maana mvua ilikuwa haijakatika tangu alfajiri, na Asajile wa mstari wa pili akamtania kwamba leo anachuma kwa tumbo. Mama alipokosa kujibu ndipo wakaacha kucheka. Hospitali walisema ni kiharusi, wakamwokoa, wakampa dawa za presha na mazoezi. Mdomo ulinyooka. Mguu ulirudi, unaburuza lakini unatembea. Mkono wa kulia ukabaki umelala, na chai haichumwi kwa mkono mmoja.

Nyumbani tuko wawili tu. Mimi ni mtu wa kuongea kwa shida, hata darasani mwalimu hunisogelea ndipo anisikie. Lakini siku tuliyorudi kutoka hospitali nilisema kwa sauti: sirudi bweni mpaka mkono wako usikie. Kikapu chake nikakivaa mimi. Mama alilia, machozi yakashuka mashavu yote mawili, nami kwa ujinga nikafurahi kwamba hata upande ule unalia.

Kwa Dokta Vaileth ni mtaa wa Bagamoyo, hapahapa Tukuyu mjini. Tiba hii ya sindano alisomea China. Siku ya kwanza alimshika mama mapigo ya mikono yote miwili kwa vidole vitatu, muda mrefu, kama mtu anayesikiliza mlangoni. Akamwambia atoe ulimi, akautazama pembeni na katikati. Akatueleza kwamba, kwa elimu yao, mwili una njia ambazo nguvu inapita, na kiharusi kimeziba njia. Sindano kazi yake ni kuiita ile nguvu. Hakuahidi kitu. Dawa za presha, alisema, mama asithubutu kuziacha.

"Sindano ikishika," akasema, "mgonjwa anasikia ganzi, uzito, kama inavuta. Na mimi naisikia kwenye vidole vyangu, kama samaki amegusa ndoana."

Samaki hakugusa. Kila tulipoenda dokta aliuliza, na mama, ambaye uongo haujui hata wa sokoni, alijibu hapana. Dokta akajaribu mkono mzima, akisema wakati mwingine upande wenye uzima humwamsha mwenzake. Kushoto mama aliruka. Kulia, hapana.

Kwenye benchi la kusubiri tulizoea kukaa na Bibi Ikupa wa Mpuguso, anayetibiwa magoti.

"Mimi natobolewa kama chujio, nasikia mpaka kwenye meno," alimwambia mama. "Wewe mwanangu uliumbwa kwa mgomba?"

Mama alicheka, kisha akamsogelea, akamuuliza kwa Kinyakyusa hasa inakuwaje. Bibi Ikupa anapenda kuulizwa. Akamweleza yote: ganzi, halafu uzito, halafu inapanda mpaka kwenye kiwiko. Mama akawa anarudia midomo ikicheza tu, bila sauti. Nilidhani anaomba.

Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu.

Dokta aliishusha ile sindano, akaichoma, akaizungusha taratibu, akasubiri. Nilikuwa navitazama vidole vyake. Akazungusha tena. Halafu akaiachia, akavuta pumzi.

"Sawa, mama," akasema, kwa sauti ndogo.

Mama akafumbua macho, akaikuta sindano imesimama mkononi, akatabasamu kwa mdomo wote. "Umeona mwenyewe, Atupele. Mkono umesikia. Jumatatu unaenda."

Nikasema ndiyo, nitaenda.

Njia ya kurudi ilikuwa tope tupu. Nikamshika ule mkono wa kulia ili asiteleze, na yeye akaanza kutaja vitu vya kwenda navyo bweni: sabuni, soksi nyeupe, ndizi za kuchoma za kula njiani. Nikausukuma ukucha wa kidole gumba ndani ya kiganja chake. Kidogo kwanza. Halafu kwa nguvu, halafu kwa nguvu zangu zote, mpaka kidole changu mimi kikauma.

"Na mafuta ya kupaka," mama akasema, anatazama mbele. "Mwaka jana yalikuishia mapema."