Glasi Zilizofika Sakafuni

Qiao Lan alikuwa anajila kwa ndani. Ndivyo vijana wetu hapa Chengdu wanavyosema mtandaoni juu ya mtu anayewaza jambo moja mpaka anachoka kama aliyebeba magunia, na hajanyanyua hata kalamu. Meza yangu iko jirani na yake tangu alipoanza kazi ya majaribio, na nakwambia, binti huyu angelipwa kwa mawazo angekuwa ameshainunua kampuni.

Safari hii alikuwa na sababu. Majaribio yalikuwa yanaisha, na kuajiriwa kwake kulitegemea neno la Meneja Miao peke yake. Sasa asubuhi Meneja akamwandikia kwenye simu: "Leo jioni kaa karibu nami." Basi, hakuongeza kitu. Lan alinionyesha ujumbe ule mpaka nikauchukia. Mbona hauna hata kikatuni cha tabasamu? Anayekalishwa karibu ni anayeajiriwa, au anayefukuzwa? Nikamwambia karibu ni karibu, ale nyama yake anyamaze. Akaniuliza kwa nini nimemwambia anyamaze.

Jioni idara nzima tulikuwa mgahawani, tumeizunguka sufuria ya mchuzi wa pilipili, utumbo wa ng'ombe unachemka katikati. Lan hakugusa kitu. Alikuwa anavizia wakati wa kunywa na Meneja kwa heshima, na hapa kila mtu anajua kwamba ukigonganisha glasi na mkubwa wako, ukingo wa yako uwe chini ya wake. Hilo tunalijua kabla ya kujua kufunga kamba za viatu.

Akasimama, akashusha glasi yake ya pombe ya mtama chini ya ile ya Meneja. Kumbe Meneja Miao naye ametoka kwenye semina ya viongozi wanyenyekevu. Akashusha yake. Lan kijasho kikamtoka, akashusha tena. Meneja naye akashusha. Wakapita usawa wa meza, wakapita viti, magoti yakakunjika, na hakuna aliyethubutu kuacha, maana atakayebaki juu ndiye mwenye kiburi. Mhudumu mwenye sahani ya viazi ikabidi awaruke. Wenzangu wakajifanya wanasoma simu. Mimi sina aibu, niliinama chini ya meza nikatazama.

Wakawa wamechuchumaa, glasi zimegusa vigae. Pa kushuka tena hapakuwepo.

"Dada Miao," Lan akasema, machozi yanamlengalenga, "kama unanifukuza, niambie tu."

"Nikufukuze? Si wewe ndiye unayetukimbia?"

"Mimi?"

"Juzi kwenye lifti nilikusalimia, ukaangalia viatu vyangu. Sikulala. Nikasema huyu kashapata kazi kwingine, hata uso wangu hautaki."

Lan akamweleza kwamba aliangalia viatu kwa kuwa alikuwa bado anaamua amtazame usoni au asimtazame. Meneja akashusha pumzi, akacheka. Lan naye akacheka, na mimi kule chini nilitaka kulia, niliwapenda wote wawili. Nikadhani yamekwisha.

"Kwa hiyo nimeajiriwa?" Lan akauliza.

Meneja akaacha kucheka. Akasema taratibu kwamba aliandika sifa za Lan, akazifuta, akihofia ataonekana anampendelea. Akaandika nyingine, akaziona kavu mno, akazifuta pia. Ndiyo maana alitaka wakae karibu, amuulize mwenyewe angependa asifiwe vipi. Ila alisahau kwamba mfumo wa kampuni wa kupokea sifa hizo ulikuwa unajifunga leo wakati wa kutoka kazini, na asiyeandikiwa neno huanza majaribio upya.

Nilipandwa na hasira hata nikajigonga kichwa kwenye meza. Lan aliinua glasi yake kutoka sakafuni, akaimaliza yote.

"Umekasirika?" Meneja akauliza.

"Hapana."

Meneja akamsogelea, bado amechuchumaa.

"Mbona hapana yako fupi hivyo?"